Mahema Yaliyobaki Madogo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo, Profesa Abdimalik. Daktari Roda na walimu wetu wote. Masheikh na wazee wetu. Akina mama mliosafiri tangu Bute na Liboi. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wahitimu wenzangu mnaotokwa jasho ndani ya majoho ya kuazima: Asalaam aleikum.

Mimi ni Idman Abdille. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya darasa la kwanza la Shahada ya Utalii na Uratibu wa Matukio hapa Garissa. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua umeona haya kidogo, kwa kuwa kadi yako ilisema saa tatu nawe umeingia saa tano na robo. Usijali. Ratiba ya leo niliiandika mimi, na wewe nilikupangia saa tano na nusu. Umewahi.

Nilipochagua masomo haya, baba alikubali shingo upande. Dada yake, eddo Arbia, hakukubali hata hiyo shingo. Ni yule pale safu ya pili, mwenye mtandio wa kijani, ambaye tayari amenikunjia uso. Eddo anauza maziwa ya ngamia sokoni, na ni hapo sokoni, mbele ya wateja, aliponiuliza: "Wenzako nasoma udaktari. Wewe nasoma miaka nne kubanga fiti na kufanya barty?"

Wateja walicheka hadi mmoja akamwaga maziwa. Ndugu zangu, kupanga viti nilikwenda kusoma hivyo hivyo.

Mwaka wa nne ukafika, na mtihani wetu wa mwisho haukuwa wa karatasi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandaa tukio la kweli, lenye wageni wa kweli, huku Daktari Roda ameketi pembeni na kalamu yake. Ukianguka, unarudia mwaka. Na baba alikuwa ameshanionya: "Ukirudia mwaka, utaurudia sokoni kwa eddo yako."

Mimi nikaandaa alasiri moja nje ya mji, kule twiga wanakopita. Wageni walikuwa walimu ishirini kutoka bara, waliotaka kuonja maziwa ya ngamia na kusikia nyimbo za kwetu. Nikaagiza mahema Nairobi, meupe, yenye mapazia. Siku moja kabla, eddo akaniambia, "Idman, mfua iko juu huko. Hema usitoe mbali." Nikamwonyesha simu: jua tupu. Akaitazama, akanirudishia. "Hii jua iko ndani ya simu," akasema.

Asubuhi yake saa mbili, Hamse, dereva wa lori, akanipigia. "Dada Idman, nimefika mji wa Madogo. Garissa naiona kwa macho yangu. Lakini kati yetu barabara imekuwa mto."

Niliketi mavumbini nikalia. Nikiwa bado nalia, ujumbe wa Daktari Roda ukaingia: "Mahema yamefika?" Nikajibu: "Yako karibu sana, Daktari." Je, huo ulikuwa uongo? Madogo ni mbali?

Nikaenda sokoni. Nilitarajia eddo anicheke, na nilistahili. Hakucheka. Alifunika madebe yake, akawaita majirani zake Nasteho na Yurub, akawauliza kwa Kisomali: "Watu wakihama, nani hungoja lori?"

Kabla ya adhuhuri mikokoteni mitatu ya punda ilikuwa njiani, imebeba fito zilizopindwa na mikeka ambayo kina mama hawa waliihifadhi tangu walipotoka malishoni. Kufikia swala ya alasiri, aqal nne, nyumba zetu za kuhama, zilikuwa zimesimama mchangani. Mimi nilibeba fito na kukaripiwa kama ambavyo hakuna mhadhiri aliyewahi kunikaripia. "Digirii badaye! Shika hii kamba!"

Wageni, waliokuwa wamelala mjini tangu jana yake, wakaja, wakaketi kwenye kivuli cha mikeka, wakanywa maziwa yenye harufu ya moshi. Mwalimu mmoja akamuuliza Nasteho mkeka ule ulimchukua muda gani. Nasteho akaupapasa. "Hii nilisuka na mimba yangu ya kwanza. Huyo mtoto sasa ni askari, iko Wajir." Nami nikaona aibu. Miaka minne nilikariri maana ya kivutio cha utalii, na nyumbani nilikuwa nikiukanyaga mkeka kama huo nikienda kutafuta chaja.

Kisha twiga akatokea. Akaja polepole, akainamisha kichwa juu ya aqal ya Yurub, akaanza kutafuna paa. Wageni wakapiga mayowe ya furaha. Yurub naye akapiga mayowe, ila si ya furaha. Daktari Roda akanisogelea akanong'ona, "Idman, huyu twiga umempangia saa ngapi?" Nikasema, "Saa kumi na nusu, Daktari."

Mheshimiwa, nilipata alama themanini na nane. Na kwa kuwa cheti kiko mkononi, sasa naweza kutubu. Katika ripoti yangu kuna ukurasa wenye kichwa "Mpango wa Dharura: Aqal Nne". Ukurasa ule unaonekana kana kwamba uliandikwa mwezi mmoja kabla. Niliuandika siku mbili baada ya tukio.

Asubuhi ya leo, tukiwa kwenye foleni ya majoho, nilishindwa kuvumilia nikamwambia Daktari Roda. Akaendelea kunirekebishia kofia. "Nilikukata alama kumi na mbili," akasema. "Kumi ni za mahema." Nikamuuliza, na mbili? "Mbili ni za ule ukurasa. Ripoti nzima ilikuwa na vumbi. Ukurasa huo ulikuwa bado una joto la printa."

Walimu wetu, mlituona kuliko tulivyodhani, na mkatupitisha hivyo hivyo. Allah awalipe. Aabo, ahsante kwa ile shingo upande. Eddo, simama watu wakuone. Simama, eddo. Basi, kaa hivyo hivyo, wameshakuona.

Nimemaliza. Pilau imeiva, na masikio yenu mmenipa bure. Nawashukuruni sana kwa kunisikiliza.