Albamu Isiyofungika: Risala ya Wapiga Picha kwa Mkurugenzi wa Kidaka

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Maxwell, mwenye programu ya Kidaka, mwenyekiti wetu, kina mama mlioketi safu ya mbele: pokeeni salamu za heshima kutoka kwetu sisi wapiga picha wa Mji wa Kale na Makadara.

MAKARIBISHO

Tumefurahi kukuona kwa macho. Miezi mitano tulikuandikia kama wateja, hukujibu. Mimi Ngumbao, katibu ninayesoma hapa, nilikuja ofisini kwako Mbaraki na barua mkononi, bawabu akaniambia barua hupokelewa kwenye mtandao tu. Tulipokualika uwe mgeni rasmi, umefika na magari mawili, tena kabla ya saa. Tunashukuru.

HISTORIA

Tulijiunga na Kidaka miaka mitatu iliyopita ili wateja watazame picha zao kwenye tovuti bila kupanda ngazi za studio zetu. Ilikuwa kazi safi: kila albamu na neno lake la siri. Kisha ukatangaza kwamba utaiboresha kwa kusikiliza maoni yetu.

MAFANIKIO

Tulisema picha zinachelewa kufunguka. Ukazipunguza ukubwa, na sasa zinafunguka upesi, ila bwana harusi hatofautishwi na mshenga. Tuliomba Kiswahili, tukapewa; kitufe cha kuhifadhi picha kimeandikwa "Okoka". Wanachama wetu Wakristo hawakulalamika. Fomu ya maoni nayo haiondoki mpaka uitie nyota tano, kwa hiyo katika kumbukumbu zako sisi ndio wateja walioridhika kuliko wote pwani.

CHANGAMOTO

Ni moja. Mwenzetu wa kike, Mbodze, hupiga picha za upande wa wanawake harusini. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilimfungulia mlango yeye tu, kwa kuwa anachokipiga huko hakitoki nje.

Mwezi wa tatu, mteja wako mmoja, hatumjui, alitoa maoni kwamba maneno ya siri yanamchosha. Toleo jipya likayaondoa yote. Kesho yake Bi. Shekue, shangazi wa bibi harusi mmoja aliyepigwa picha na Mbodze, akamfuata studio.

"Mbodze mwanangu, muuza viazi wa Makadara amenisifu hina ya miguu. Miguu yangu kaiona wapi?"

Mbodze akafungua albamu ya harusi ile kwenye kompyuta. Akawaona kina mama vichwa wazi, wanacheza, na yeyote apitaye anatazama. Akatafuta kitufe cha kufuta. Kimeondolewa, kwa maoni ya mteja aliyefuta picha zake kwa bahati mbaya. Akapiga simu kwenu. Mashine ikamjibu: "Asante. Tumefurahi kwamba umefurahi."

Basi akaenda nyumba kumi na moja za kina mama waliomo katika albamu kuomba radhi. Wengine walimkaribisha ndani, wakampa maji. Wengine walizungumza naye dirishani. Tangu hapo hajaitwa harusini. Hupiga picha za pasipoti, za watu walioambiwa wasicheke.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi tisa. Tulipokutana kuyapitia, Mbodze akasema, "Someni moja tu. Hayo mengine atayafanyia toleo jipya."

Mgeni rasmi, Mbodze haombi fidia. Anaomba albamu ile ifungwe. Mpaka asubuhi hii ilikuwa wazi, na mashine yenu imetuambia kwamba mwenye uwezo wa kuifunga ni mkurugenzi peke yake. Kompyuta iko mezani mbele yako, na mtandao upo. Tafadhali usitupatie fomu ya kujaza. Pilau imeshaiva, nasi hatuna haraka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu akupe afya njema, akufikishe kwako salama ukishamaliza. Mama aliyeketi kuliani kwako ndiye Bi. Shekue. Naye ana ombi dogo, ametutuma tulisome mwisho: uifunge bila kuitazama.

Ni sisi,
Chama cha Wapiga Picha wa Mji wa Kale na Makadara, Mombasa.