Mwalimu Aliyesogea Pembeni

Sijamwambia mtu yeyote, hata Anyosisye mume wangu, ni nani aliyenifundisha kusoma. Yeye anadhani ni mke wa bwana misheni, kule tulikokuwa tukifundishwa kushona. Sivyo. Ni baba yake Anyosisye. Naandika hapa kwanza. Nitakaponakili wasifu kwa ajili ya ibada ya kumuaga nitayaacha haya.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka 1912, Mwalimu wetu anastaafu baada ya kufundisha miaka kumi na sita katika shule ya Bujonde. Kazi ya kuandika wasifu huu alipewa Anyosisye, mwalimu msaidizi, naye akanirushia mimi: “Mwandiko wangu ni kama kuku kaparua. Andika wewe, mimi nitasoma.” Kwa hiyo nimekaa darasani, mezani pa Mwalimu, yeye hayupo na watoto wameshatawanyika. Jina lake sitaliandika. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye wala hatamki jina lake, na mimi niliposwa ningali mdogo. Nimeacha nafasi; Anyosisye atalijaza mwenyewe.

Mwalimu alianza na wavulana wachache chini ya paa la nyasi lililovuja. Leo wawili kati yao ni makarani bomani, mmoja ni mkalimani, na paa halivuji sana. Watu wa Ngonga, kijiji lilipo shamba lake, husema kazi yake ni nyepesi: “Anakaa kivulini akiimba a, e, i, sisi tumeinama mpungani!” Hawajamsikia asubuhi.

Mimi nimemsikia. Kwa kuwa sikuweza kuingia darasani alimo, nilikaa nje, nyuma ya ukuta wa mianzi, penye upenyo. Kabla watoto hawajafika, Mwalimu huingia peke yake na kuyasalimia mabenchi. “Hamjambo, wanangu!” Mara ya kwanza sauti hutoka kavu. Hurudia. Ikishachangamka ndipo hufungua mlango. Asubuhi iliyofuata mazishi ya binti yake Tulinagwe, aliyasalimia mabenchi mpaka watoto wakaanza kugonga. Akafungua. Siku ile walijifunza wimbo wa kuhesabu, na walipokosea alicheka nao.

Nyumbani haongei. Mama mkwe, Veronika, hulalamika akipepeta mchele: “Maneno mazuri wanakula watoto wa watu, mimi naletewa makapi.” Sidhani kama Mwalimu alimnyima. Yalikuwa yamekwisha.

Sasa habari ya upenyo. Mwalimu alisimama mbele ya ubao, kwa hiyo kila nilipochungulia herufi ilinibidi kufumba macho nisimwone. Siku moja akasogea pembeni. Ubao ukabaki peke yake. Tangu siku hiyo hakusimama tena katikati, na kila mstari akawa anausoma mara mbili, ya pili akiielekeza sauti ukutani. Tuntufye, mtundu wa benchi la nyuma, akalalamika, “Mwalimu, sisi si viziwi!” Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akajibu, “Wewe si kiziwi, wewe ni mvivu. Rudia.”

Mkaguzi wa misheni alipokuja, alimkemea mbele ya wanafunzi: mwalimu gani huyu anasimama kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa? Mwalimu akacheka kile kicheko chake cha wageni, akaomba radhi, akaja katikati. Mkaguzi alipoondoka, akarudi konani. Wakati ule nilikuwa najua kusoma neno zima, ila sikuwa na wa kumwambia.

Wazee wakijua kwamba alikuwa akimfundisha mkwe, watasema amevunja mwiko. Atatozwa ng'ombe, na heshima yake itaondoka siku ileile anayoagwa. Kwa hiyo Jumapili Anyosisye atasoma habari za makarani na za paa, watu watapiga vigelegele, na Mwalimu ataondoka bila kujua kama ukuta ulisikia. Kumwambia kwa mdomo siwezi. Sitaweza mpaka mmoja wetu afe.

Kuna hatua nje. Ni zake, anakuja kuchukua vitu vyake. Nikitaka kutokea dirishani ni sasa.

Ndaga fijo, taata. Asante sana, baba. Niliona ubao. Nilisikia kila mstari, mara zote mbili, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Huko shambani Ngonga usimchangamkie mtu. Uamke umenuna na uendelee kununa mpaka jioni ukipenda, asiwepo wa kukuuliza. Na yakibaki maneno mawili matatu, mpe mama.

Nauficha ukurasa huu chini ya kitabu chake cha nyimbo. Mistari hii ya mwisho naiacha ichungulie nje, aione.