Mzee Tobia Shekiondo, Fundi Aliyetushonea Tumbo

Leo, tarehe 30 Juni 1976, Mzee Tobia Shekiondo anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Lushoto kwa miaka ishirini na minne. Shuka za wodini, magauni ya wauguzi, hata vitambaa vinavyomfunika mgonjwa akipasuliwa, vyote vimepita katika cherehani yake. Alikuja kutoka Mlola mwaka 1952 kwa kazi ya miezi mitatu ya kushona mapazia. Mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba mapazia yametosha.

Uhodari wake hauna ubishi, na majivuno yake ya ufundi pia. Hayo ndiyo yaliyotaka kumponza. Mwaka 1967 suruali zake zilianza kumbana kiunoni. Akazipanua, akazipanua tena, huku shingo na mikono vikikonda. Fundi hakulishuku tumbo, alishuku kitambaa. Akateremka sokoni kwa Mzee Mbaraka, mwuza nguo, akamshutumu mbele ya wateja kwamba anauza kaki inayosinyaa ikifuliwa. Mzee Mbaraka hakugomba. Alikata kipande, akakipima, akakilowesha, akakianika, akakipima tena. Hakikupungua hata nusu inchi. Kisha akamwambia kwa upole kwamba kitambaa ni kizima, aende akapimwe yeye. Ndivyo mtumishi wa hospitali, anayeshona hatua arobaini kutoka wodini, alivyopelekwa kwa daktari na mwuza nguo.

Alipopasuliwa ilionekana kansa ya nadra sana. Huanzia katika kidole tumbo, ikatoa ute mzito unaojaza tumbo polepole na kuyabana matumbo. Haina haraka, lakini hurudi, na tiba yake ni kupasua na kuuchota ute wote unaofikika. Daktari alikiri kwamba alikuwa ameisoma vitabuni tu. Mzee Tobia alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama mishono ya vitambaa vya chumba cha upasuaji ilishika.

Aliandaliwa barua ya kustaafishwa kwa ugonjwa. Alikataa kuisaini. Alisema atastaafu kwa umri, kama watu wengine, na hadi huko ilikuwa imebaki miaka tisa. Aliomba mambo mawili tu: cherehani ya mkono, maana ile ya miguu ilimtonesha tumbo, na ruhusa ya kula kidogo kidogo mara tano kwa siku. Ndizi zake za saa nne tunazijua wote, na wengine tumezila. Kila Jumamosi alijipima tumbo kwa futikamba na kumpelekea daktari kipimo. Nchi ilipohamia sentimita alitii katika kila nguo, ila tumbo lake alilibakiza katika inchi, akidai kwamba thelathini na nane inavumilika, lakini tisini na saba inamtisha mtu bure.

Kwao Mlola wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni pombe ya miwa, jambo lililomuudhi mkewe, Mama Raheli, kuliko alivyoudhika mwenyewe. Badala ya kununa, Mzee Tobia akashona tumbo la mfano. Utumbo ni mabaki ya kaki, ini ni la kitambaa cha kahawia, na kidole tumbo ni chekundu, kina kifungo. Ukikifungua unavuta pamba hadi tumbo zima linajaa. Wanafunzi wauguzi wamefundishwa kwa tumbo hilo, na gari la hospitali limelizungusha vijijini pamoja na fundi wake. Kule Mtae alifungua na shati lake, watu wakauona mshono. Bi Mwajuma, ambaye ameturuhusu kumtaja, alikuwa ameficha uvimbe chini ya kanga kwa miaka miwili. Siku hiyo alipanda gari lile lile akaja nasi. Wake haukuwa kansa. Ulitolewa, akarudi shambani, na viazi vyake tunavipokea kila msimu.

Mzee Tobia alipasuliwa tena mwaka 1972. Mwezi wa nne mwaka huu kipimo cha Jumamosi kilianza kupanda, na Jumatatu ijayo anateremka kwenda Dar es Salaam kupasuliwa mara ya tatu. Madaktari hawakumficha kwamba safari hii ni ngumu zaidi. Sisi wa mapokezi tulitaka habari hiyo isiingie humu, isije ikaharibu sherehe. Yeye ndiye aliyesisitiza iandikwe, ili mwenye tumbo kama lake huko nyumbani asilifiche. Basi tumeandika, na tunaogopa. Lakini leo amestaafu kwa umri, akiwa kazini, na hilo hakuna atakayemnyang'anya.

Mzee Tobia, tunakushukuru kwa kila mshono, na kwa kutuzoesha kuutaja ugonjwa wako bila kunong'ona. Jana ulipita mapokezi ukaniagiza niandike maisha mema tu, nisiandike marefu, kwa kuwa hupendi kuahidiwa na watu wasio na uwezo huo. Shikamoo, mzee wangu. Kwa hilo sikutii. Tunakutakia maisha mema, na marefu.

Yudith, Mapokezi