Bi Mshale Anakabidhi Benchi la Geji

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Bi Mshale atastaafu rasmi, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na saba. Wengi mnamfahamu kama fundi wa dashibodi, yule mama wa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, anayezivisha geji za magari sura mpya zinazowaka. Wachache wanajua kwamba benchi lile nusura limponyoke kabla hajalikalia. Niruhusuni nieleze mimi, maana yeye akieleza hucheka katikati na hadithi haifiki mwisho.

Aliajiriwa kukaa kaunta ya vipuri, kuuza balbu na fyuzi. Saa ya chakula wenzake walikwenda kula, yeye akabaki anachungulia uvunguni mwa dashibodi na kumwuliza fundi umeme wa wakati ule maswali, mpaka mzee wa watu akawa anakula amempa mgongo. Nyaya alizijua kwa rangi zake kama mtu anavyowajua watoto wa jirani. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuruhusiwa kushika ni kingine.

Ndipo zikaingia sokoni sura za geji za kuwaka. Ni karatasi nyembamba ya plastiki yenye namba: unaibandika juu ya sura ya zamani, unaiunganisha na kisanduku kidogo cha umeme, kisha unachukua moto, yaani umeme, kutoka kwenye waya wa taa ndogo, na dashibodi nzima inawaka bluu. Inasikika rahisi. Taabu ni kwamba lazima kwanza ung'oe mishale, na mshale wa geji ni kitu cha deko. Ukiuvuta vibaya umeiua geji. Ukiurudisha vibaya umeifanya mwongo. Mafundi wote wa umeme walikataa kazi hiyo. Dada wa kaunta akainua mkono.

Mkuu wa karakana, ambaye bado tunaye na bado ni mkali, akampa sharti. Afunge seti moja kwenye gari lisilo la mteja. Wiki ikipita bila kasoro, benchi ni lake. Ikitokea kasoro, arudi kaunta na asimletee tena habari za nyaya. Gari lililopatikana lilikuwa teksi ya mumewe, ambayo ndiyo iliyolisha nyumba nzima. Mume alitoa ufunguo, ingawa watu wa nyumbani wanasema hakulala vizuri.

Kazi ilitoka safi. Abiria wakasifu, madereva wenzake mume wakawa wanakuja kuchungulia dirishani. Wiki ikielekea kuisha, mume akiwa amempakia mkwewe, yaani mama mzazi wa fundi wetu, gari likakohoa na kuzima katikati ya njia panda. Mshale wa mafuta ulionyesha robo tangi. Tangi lilikuwa kavu. Mkwe hashushwi barabarani akasukuma gari, kwa hiyo mkwe akakabidhiwa usukani, kitu ambacho hakuwahi kukigusa maishani, na mkwewe wa kiume akasukuma hadi kituo cha mafuta huku akihimizwa kwa sauti kubwa aongeze mwendo.

Jioni hiyo mume alishauri wausogeze mshale kimyakimya. Mkuu, alisema, anataka taa ziwake, na taa zinawaka, sasa tatizo liko wapi? Mama mzazi, akiwa bado na hasira za usukani, alikumbusha tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda kulala. Fundi wetu alilitaka benchi lile kuliko kitu chochote. Asubuhi, mkuu hajamaliza kufungua mlango wa ofisi, alimkuta amesimama hapo kumweleza kwamba aliurudisha mshale kwa kukadiria na jicho, na geji inadanganya.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ahadi ni deni, akamrudisha kaunta. Alirudi, akauza balbu. Waliokuwapo wanakumbuka kwamba alilia stoo na wala hakuficha macho.

Lakini mumewe hana siri. Kijiwe kizima cha teksi kilishaipata habari ya mkwe na usukani, na pamoja nayo ile ya mke aliyejishtaki mwenyewe. Madereva wakaanza kuja kaunta mmoja mmoja. Walitaka geji za kuwaka, na walitaka zifungwe na yeye tu, kwa hoja kwamba mtu anayelisema kosa lake hawezi kukuficha la gari lako. Wakamwita Bi Mshale kwa utani, jina likaganda. Kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza: foleni ilipofika getini, mkuu akasalimu amri na kumpa benchi.

Tangu hapo ana desturi yake, tunaiita kuapisha mshale. Kabla ya kuung'oa, ufunguo unawashwa, mshale unatulia, na mwenye gari kwa mkono wake anachora mstari kwenye kipande cha tepu pembeni ya geji, pale mshale ulipolala. Kazi ikiisha anaitwa aone kama umerudi kwenye mstari wake. Awe na haraka, awe bosi, awe amepiga tai, hapewi ufunguo kabla hajaona. Mabasi ya shule, magari ya wagonjwa, hata magari ya vijana wanaotaka kung'aa tu, yote yameapishwa hapa. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba geji yetu imemwacha njiani, na kwa hilo karakana nzima inatembea kifua mbele.

Wiki iliyopita mkuu alimwuliza benchi amwachie nani. Mimi ninayeandika haya, tusidanganyane, nilikuwa nimeshapiga pasi ovaroli. Mikono yangu ndiyo myepesi kuliko yote pale, hata yeye husema. Bi Mshale akamtaja mwenzetu wa zamu ya mchana, fundi mzito kama zege, ambaye mwaka jana alivunja mshale wa lori la mteja, na badala ya kuupaka gundi akampelekea Bi Mshale kiganjani kabla mtu yeyote hajajua. Sababu aliyotoa ilikuwa fupi: wepesi unafundishika.

Roho iliniuma, tena sana. Kisha gari langu mwenyewe likahitaji sura mpya za geji, nikasimama uani na ufunguo mkononi nikijiuliza nimpe nani. Nikampa yule mzito.

Asante kwa yote, Bi Mshale. Pumzika kwa raha na wajukuu wako, Mungu akujalie umri mrefu wenye afya. Ukitukumbuka, mlango uko wazi na chai ipo.