Vishindo Saba katika Mkanda wa Brandl

Jumamosi, tarehe saba Februari 2026, saa kumi na dakika kumi alasiri, mzee Gracien alimwambia binti yake Liliane azime mashine ya kuchezea mikanda ya muziki, kwa kuwa alitaka kusema. Mwanawe Claude alikuwa amesimama mlangoni, bado amevaa sare yake ya kazi ya ghalani.

"Papa, pumzika. Tuta-discuss kesho, yule mnunuzi, bwana wa mji wa Katy, akishachukua mikanda yake."

"Kesho yako si yangu, Claude. Kaeni. Sikilizeni, wanangu, na mtu asinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya safari moja. Nyumba hii ya Garland ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Mikanda kumi na tisa ya matamasha ya Brandl, yule kiongozi wa okestra ambaye Wazungu wanamlilia hadi leo, niliitoa redioni Bujumbura nikaivusha kambi mbili za wakimbizi ndani ya gunia la maharage. Kumi na minane mpeni bwana wa Katy. Wa kumi na tisa ni wa Liliane.

Liliane, nimeisoma karatasi yako ya kelele za kuondoa mkandani. Umeandika: dakika ya thelathini na moja, vishindo sita, kiti kimeanguka ukumbini, kata. Wewe hukosei hesabu, lakini hapo umekosea. Si kiti, wala si ukumbini. Ni studio yetu, Oktoba ya tisini na tatu. Mjini watu walikuwa wakichinjwa, nasi tumeamriwa kupiga muziki usio na maneno. Desturi yetu ilikuwa kunakili kila kinachokwenda hewani, na kipaza sauti tukikiacha wazi ili mtangazaji adakie. Wenye bunduki wakavunja mlango. Wakaning'oa meno haya kwa kitako cha bunduki, wakiuliza Edson yuko wapi. Edson, mtangazaji, aliyeniazima shati lake la harusi nikaolea. Ulimi hauna mfupa, wanangu, lakini wangu ulivunja mifupa ya mtu. Nikasema: nyuma ya kabati. Wakamburuta kwa mguu mmoja, wakamponda kichwa mpaka ukuta ukabadilika rangi, ngoma za Brandl zikiendelea. Vilikuwa saba. Kimoja kiliangukia juu ya ngoma, ndiyo maana hukukisikia. Mimi nilihesabu.

Kabla ya cha kwanza aliita mtoto wake wa miezi mitatu. Mama wa mtoto walikwisha kumkata asubuhi ile. Nikaenda kwa jirani yao aliyemficha, nikamchukua yule mtoto. Ni wewe, Liliane. Alikuita wewe.

Sikuombi msamaha, kumwomba msamaha anayekulisha uji kwa kijiko ni wizi mwingine. Nakuamuru tu: usikate. Claude, ukimnyang'anya dada yako mkanda huo, maziwa ya mama yako yakutokee puani. Nizikeni bila muziki. Mungu awape... awape usingizi alioninyima... maji... hapana, acha. Saba. Andika saba."

Liliane hakuandika. Alitoka nje, akaketi garini.

Asubuhi, saa moja na nusu, bwana wa Katy akiwa bado njiani na mzee amelala, alivaa visikizio akaurudisha mkanda hadi dakika ya thelathini. Akamsikia mwanaume asiyemjua akiita jina lake. Akahesabu. Kisha akafuta "kata", akafuta "kiti", akaandika: Edson, baba yangu. Saba.

Mzee aliamka, akaomba uji. Liliane alimvisha visikizio kwanza, akaurudisha mkanda hadi dakika ya thelathini, akauwasha.