Bi Masouda, Mpokea Wageni wa Programu ya Basi

Tarehe 30 Aprili Bi Masouda Thabit anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika kitengo cha kompyuta cha chuo chetu hapa Al Khoudh, Muscat. Alianza kwa kutengeneza mashine zilizoharibika, akamalizia akiwa mkuu wa kitengo. Mikutano ikirefuka, macho yake yalikuwa yakitoka dirishani na kwenda mbali, kwenye milima iliyofifia kwa joto. Tulidhani anasinzia, kumbe anaota.

Moja ya ndoto hizo ndiyo programu ya nyakati za basi ambayo wengi wenu mnayo kwenye simu. Ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuifungua ndani na kuitengeneza, na wanaoitengeneza hawalipwi hata baisa. Bi Masouda aliiwaza siku alipomwona mama yake, nyumbani kwao Ansab, akiigeuzageuza simu kutafuta nyakati za basi kwa Kiswahili, lugha aliyoizoea, asizione.

Kazi ya kujitolea shida yake ni watu. Wakongwe walioa, walihama, walichoka. Tulibaki wanne tu, na Bi Masouda alijua kwamba akistaafu kabla wapya hawajashika kazi, programu itakufa. Basi akaweka utaratibu wake: makosa mepesi ya programu sisi wenyeji ni marufuku kuyagusa. Yaliwekwa kando yamsubiri mgeni, kama halwa na kahawa, na ole wake atakayedokoa. Asaad, mkongwe mwenzetu, alidokoa moja akanuniwa wiki nzima.

Mwaka juzi alijiunga Fajr, mfamasia wa Sidab, aliyejifunza kompyuta peke yake baada ya kazi. Alipewa saa za upande wa Kiswahili, naye akazigeuza zihesabiwe kama kwao nyumbani: basi la asubuhi lililoandikwa 8:00 likawa 2:00, yaani saa mbili. Bila kujua, akazigeuza na za upande wa Kiarabu. Mchana ule kulikuwa na watu vituoni, kwenye jua, wakilingojea kwa subira basi lililoondoka tangu asubuhi.

Asaad alitaka kazi yote ya Fajr ifutwe na wapya wasipokelewe tena. Bi Masouda alirudisha toleo la zamani ili abiria wasitaabike, kisha akaandika kwenye kundi letu: "Kazi hii ya Fajr, ataitengeneza mwenyewe. Mie nnakwenda kukaa naye." Akachukua gari mpaka Sidab.

Hakumsomesha. Alikuwa akiuliza swali moja, kisha anatazama dirishani, kama aliyesahau yuko wapi, mpaka Fajr aone mwenyewe. Humo ndimo kilimotoka kile kitufe cha kuchagua namna ya kuhesabu saa, ambacho mabibi wa Muscat hawataki kusikia kimeondolewa.

Leo wanaojitolea wamepita thelathini, na kuanzia Mei msimamizi wao ni Fajr. Nilipomwomba neno la kuweka hapa, aliniambia kwamba siku ile alikuwa keshaandika ujumbe wa kutuaga. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, hodi ikabishwa mlangoni.

Bi Masouda, ahsante kwa hodi ile. Tunakupenda, na tunakuombea kwa Mola afya njema na miaka mingi ya raha.

Humam, kwa niaba ya wenzako wa kitengo