Mikono ya Safu ya Mbele: Kumuaga Bwana Tse Kwong-yiu

Bwana Tse Kwong-yiu atastaafu Jumamosi, tarehe 31 Agosti 2024, baada ya kuitumikia studio yetu ya San Po Kong kwa miaka thelathini na minane na miezi sita kasoro siku mbili. Siku hizo mbili amezidai yeye mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "karibu miaka arobaini". Ilirudi mezani ikiwa na mstari mwekundu chini ya neno "karibu".

Aliajiriwa tarehe 3 Machi 1986 kuwa mbeba kanda. Miaka mitano baadaye alikabidhiwa meza ya hatua ya mwisho, ambapo wimbo husawazishwa kabla ya kupelekwa kiwandani, na hakuiacha tena. Kwenye meza hiyo alipata jina ambalo hata wateja walilitumia: Kinyozi.

Jina hilo lilitokana na kazi yenyewe. Sauti ikichorwa kwenye kioo cha kompyuta huwa kama safu ya milima, na kila kishindo cha ngoma kina kilele chake. Mteja akitaka wimbo wake ushinde nyimbo zote kwa kelele, milima huinuliwa hadi igonge dari, na vilele visivyo na pa kwenda hukatwa. Kinachobaki ni uwanda: mnong'ono na radi hulingana kimo. Mkurugenzi wetu wa zamani, marehemu Bwana Yip, aliupenda uwanda huo. Husimuliwa hadi leo jinsi alivyosimama mlangoni na bilauri ya chai ya maziwa akifoka, "Yiu! Diski yako inanong'ona kama mgonjwa wa wodini! Nyoa hiyo! Nataka dereva wa teksi aruke kitini!" Bwana Tse alinyoa. Kisha alibandika kipande cha karatasi juu ya mshale wa kipimo cha sauti, asiuone ukilala kwenye alama nyekundu.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua kwa miaka mingi ni kwamba kila Jumapili asubuhi, nyumbani kwake To Kwa Wan, alikuwa akiotesha nywele alizozinyoa. Majirani wa juu wakishatoka kwenda kunywa chai, nyumba ikatulia, aliweka diski za studio yetu kwenye kompyuta yake na kuzitengeneza upya. Kwanza alishusha sauti yote ili kupata nafasi juu yake. Kisha alitafuta kila mahali kilele kilipokatwa, akakichora tena kwa kufuata miteremko ya pande mbili iliyosalia. Mwishowe aliyarudisha chini yale yaliyoinuliwa kwa nguvu: pumzi, nyayo, ukimya wa chumba. Kando ya kompyuta aliweka daftari, na ndani yake aliandika sekunde ya kila kilele alichokichora. Mkewe, Bi. Yuk-lin, aliwahi kumuuliza daftari lilikuwa la nini. Alijibu, "La kukumbuka nilipokisia. Nisije nikauamini mkono wangu mwenyewe."

Katika mambo yote aliyoyafanya, tumechagua kusimulia moja.

Mwezi wa Machi mwaka jana alifika studio mzee wa miaka themanini na minne aitwaye Ma Chun-hoi, mpiga ngoma wa zamani wa kikundi cha opera ya watu wa Chiu Chow. Mkononi alikuwa na bati la biskuti, na ndani ya bati diski moja. Ilikuwa imerekodiwa mwaka 2001, katika mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa mizimu, kwenye jukwaa la mianzi lililojengwa katika uwanja wa mpira. Aliyeimba ni mkewe, Bi. Lau Sok-ngan. Siku hiyo Mzee Ma alikuwa kitandani kwa maradhi. Onyesho lilikuwa la mchana na mvua ilikuwa kubwa. Bi. Sok-ngan alirudi nyumbani akiwa amelowa, akasema neno moja tu: "Leo nimeimbia viti." Hakuimba tena. Wiki sita baadaye alifariki.

Mwishoni mwa diski, baada ya noti yake ya mwisho, kuna mngurumo wa sekunde arobaini na moja. Mzee Ma alikuwa ameusikiliza kwa miaka ishirini na miwili.

"Mwanangu," alimwambia Bwana Tse, "mimi sitaki mengi. Nieleze kitu kimoja tu. Hii ni mvua au ni mikono?"

Bwana Tse aliigeuza diski, akaona namba ya kazi, akaitambua. "Sijui, mzee wangu. Na aliyefanya usijue ni mimi."

Alisema kweli. Kofi la mkono lina kilele. Mvua kubwa haina vilele vya kutajika. Kofi likinyolewa huwa mvua. Kanda ya asili ilikuwa imerekodiwa kitu kingine juu yake, kama ilivyokuwa desturi, na nakala pekee iliyobaki duniani ilikuwa hiyo aliyoinyoa yeye. Mzee Ma alikuwa ameambiwa na daktari asipange mambo ya mbali. Alitaka kujua, kabla hajaonana na mkewe, iwapo mkewe alikufa akiamini uongo.

Kazi ilichukua Jumapili thelathini. Katika Jumapili ya kumi na mbili vilele vilianza kusimama ndani ya mngurumo: vifupi, vikali, visivyofuatana kwa mpangilio, jinsi mikono ya watu wengi ilivyo. Mtu mwingine angepiga simu siku hiyo hiyo. Bwana Tse alifungua daftari, akakuta kwamba takriban kila kilele kati ya hivyo alikikisia yeye, akajiuliza kama hakuwa amempigia marehemu makofi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo alichukua dakika tatu za mwanzo wa diski hiyo hiyo, kabla ya pazia kufunguliwa, ambapo hapakuwa na kitu ila mvua, nazo zimenyolewa vivyo hivyo. Akazitengeneza kwa njia ile ile, hatua kwa hatua. Mvua ilibaki mvua. Alirudia mara nne. Haikutoka hata kofi moja.

Lilibaki swali la mahali. Kofi la mbali hufika limebeba mwangwi wa paa la mabati lililofunika viti. La karibu hufika kavu. Haya yalifika makavu. Maikrofoni mbili zilikuwa kwenye ukingo wa jukwaa, na makofi yalitoka mbele yake, hatua tatu au nne, yametawanyika kutoka kushoto hadi kulia kwa mstari mmoja. Kutoka nyuma hapakusikika kitu ila mvua juu ya bati.

Bwana Tse ni Mchiuchow, na hakuhitaji kuambiwa nani huketi safu ya mbele mwezi wa saba: huachiwa mizimu. Hata hivyo alitafuta ushahidi. Katika albamu ya kamati ya sikukuu alipata picha iliyopigwa kutoka jukwaani alasiri hiyo: safu ya mbele tupu, kama inavyopaswa, safu ya pili tupu, na nyingine zote tupu hadi nyuma kabisa, ambako vilionekana vichwa vinne. Alimpata pia Bi. Ngan-ping, aliyekuwa akigawa chai. "Tulikuwa wanne, kaka, tumejibanza kule nyuma," alisema. "Mmoja amelala, na mimi nimeshika birika. Nani angepiga makofi? Tulikuwa tunasubiri mvua ipungue twende zetu!"

Tulimuuliza Bwana Tse mikono ilikuwa mingapi. Alisema alipofika kumi na moja aliacha kuhesabu. Hiyo ndiyo hesabu pekee tunayoijua aliyowahi kuiacha njiani.

Mzee Ma aliitwa To Kwa Wan Jumapili moja ya Novemba. Bi. Yuk-lin, aliyetusimulia haya, alikuwa amepika uji wa chaza. Sauti ya Bi. Sok-ngan ilianza kwa mbali, ndogo kuliko mzee alivyoizoea, na mara ya kwanza alilalamika. "Mbona umempeleka kule?"

"Ndipo alipokuwa, mzee. Subiri atakapopandisha sauti."

Alipopanda, vikombe vilitetemeka kwenye sinia. Kisha ikaja noti ya mwisho, ukimya mfupi ambao kwenye diski ya zamani haukuwapo, halafu makofi. Mzee aliinamia spika.

"Ni mikono," Bwana Tse alisema. "Wale wa nyuma walikuwa wanne na hawakupiga. Hii inatoka safu ya mbele."

"Safu ya mbele haikaliwi na mtu."

"Najua, mzee wangu."

Bi. Yuk-lin anasema mwiko ulikuwa bado mkononi mwake na hakujua auweke wapi. Mzee Ma alisema, "Na yeye alifikiri ni mvua." Aliomba isikilizwe tena. Mara ya pili alisimama, akaunganisha mikono kifuani na kuziinamia spika mara tatu, kama mtu anayewashukuru wageni mlangoni. Halafu akaketi, akala mabakuli mawili, na kumwambia mwenyeji kwamba uji una chumvi nyingi.

Mzee Ma alifariki mwezi wa Mei mwaka huu. Diski mbili, ya zamani na ya sasa, zilizikwa naye ndani ya lile bati la biskuti. Daftari lenye sekunde za vilele vilivyokisiwa Bwana Tse amelikabidhi kwa maktaba ya studio, pamoja na agizo kwamba asiyelisoma asiguse kazi zake. Karatasi ya kwenye kipimo ameibandua mwenyewe wiki iliyopita. Chini yake kioo ni kipya kabisa.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Jumamosi hiyo saa nane mchana, siku ya ishirini na nane ya mwezi wa saba kwa kalenda yetu, katika ukumbi wa ghorofa ya tatu. Hakutaka saa ya dhahabu wala hotuba. Ameomba jambo moja, nasi tumelikubali: safu ya mbele iachwe wazi, na chai iwekwe. Wafanyakazi na wageni wataketi kuanzia safu ya pili. Hatujui ni nani watakaokuja mbele, ila mmoja wao tunadhani tunamfahamu, na tumeuambia uongozi wa jiko upunguze chumvi.

Kwa niaba ya studio nzima, tunamshukuru Bwana Tse kwa unyofu wake, hata pale ulipotuchosha. Tunamtakia yeye na Bi. Yuk-lin afya njema, Jumapili nyingi, na majirani wanaochelewa kurudi. Sherehe itarekodiwa, na haitanyolewa. Makofi yetu yakiisha, tunaomba kila mtu ashushe mikono na kunyamaza kidogo, ili Kinyozi asikilize kama kweli yamekwisha.